Ukikatizwa, Urudi Upesi: Namna ya Kupanga Siku ya Mwandishi wa Programu

Ushauri mwingi tunaopewa sisi tunaoandika programu unaishia kwenye kujikaza: zima simu, funga mlango, usiongee na mtu. Nimefanya kazi hii miaka mingi, zaidi upande wa seva, kwenye mifumo inayopokea maagizo na malipo, na naona ushauri huo haumfikishi mtu mbali. Mlango utagongwa tu. Seva itazimika. Mwenzako atakwama, na anayeijua sehemu ile ya mfumo ni wewe. Kwa hiyo ninapopanga siku yangu sijiulizi nitakwepaje kila usumbufu. Najiuliza: nikikatizwa dakika hii, nitarudije pale nilipokuwa, na itanichukua muda gani? Karibu kila tabia nitakayoieleza hapa imetokana na swali hilo.

Kwanza tuelewane ni kitu gani hasa kinachopotea. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama 7 kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwa umekusanyika akaishusha idadi hiyo hadi karibu 4. Sasa chukua hitilafu ya kawaida tu. Fankisheni hii inaita ile. Kigeu hiki kinaweza kuwa tupu agizo likitoka kwenye simu. Data inasomwa kabla muamala haujafungwa. Jaribio, yaani programu fupi ya kuhakiki msimbo, linapita kwenye kompyuta yangu lakini linafeli kwenye seva. Tayari vinne, na hujaanza hata kufikiria suluhisho. Mtu akija kukuuliza "Una dakika?" huenda kweli akachukua dakika moja. Lakini vile vinne vimeshaanguka, na kuviokota kimoja kimoja ndiko kunakokula muda. Tena utafiti wa Sophie Leroy wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu akihamishwa kutoka kazi ambayo hajaimaliza, sehemu ya akili yake hubaki kulekule, na ile kazi mpya nayo huifanya kwa upungufu. Unaumia kwenda, unaumia kurudi.

Daftari kando ya kibodi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mwandishi wa programu ni ile picha ya tatizo aliyoijenga kichwani kwa saa nzima. Haionekani kwenye skrini. Haimo kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Ikipotea hakuna wa kukurudishia.

Ninaweka daftari la karatasi upande wa mkono ninaoandikia, limefunguliwa, kalamu juu yake. Siandiki shajara humo, wala orodha ya kazi za wiki. Naandika mambo matatu: ninachoamini kwa sasa, nilichokwisha kuhakikisha kuwa siyo, na hatua inayofuata. Huu hapa ukurasa wa siku niliyokuwa nafuatilia malipo yaliyokuwa yakirekodiwa mara mbili:

Malipo yanaandikwa mara mbili. Si yote. Ni yale yanayochukua zaidi ya sekunde 30.
Siyo mteja kubonyeza mara mbili: logi zinaonyesha ombi moja.
Siyo hifadhidata: kila muamala unafungwa vizuri.
Nadhani: foleni inatuma ujumbe upya kwa kuwa haijapata uthibitisho ndani ya sekunde 30.
Kinachofuata: weka ucheleweshaji wa sekunde 35 kwenye kipokezi, tuma ujumbe mmoja, hesabu rekodi.

Mistari mitano, imeandikwa vipandevipande, kila mmoja kwa wakati wake. (Foleni ni sehemu ya mfumo inayopanga ujumbe na kuupeleka; kipokezi ni programu inayoupokea.) Mstari wa "nadhani" ndio unaovutia macho, lakini kwangu ile miwili ya "siyo" ina thamani zaidi. Ukirudi kwenye tatizo baada ya kikao cha saa nzima, kitu cha kwanza kukujia akilini ni kilekile ulichokianza nacho asubuhi: labda mteja kabonyeza mara mbili. Bila maandishi utafungua logi zilezile na kuzisoma tena tangu mwanzo, na utajihisi unafanya kazi kumbe unazunguka. Mstari wa "siyo" unakufungia njia hiyo. Ndiyo maana nasisitiza uandike pia sababu ya kulikataa wazo, hata kwa maneno matatu, kwa sababu kesho utalitilia shaka.

Hatua inayofuata iandike kwa namna ambayo mikono inaweza kuanza kabla kichwa hakijachangamka. "Endelea na foleni" haisaidii kitu. "Weka ucheleweshaji wa sekunde 35 kwenye kipokezi" unaifanya hata ukiwa umechoka, na ukiifanya, picha nzima inaanza kurudi yenyewe. Peter Gollwitzer, ambaye amechunguza namna watu wanavyotimiza malengo yao, alieleza mwaka 1999 kwamba mpango unaotaja lini, wapi na vipi hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Kwetu sisi "wapi" ni jina la faili na fankisheni. Liandike.

Watu huniuliza kwa nini karatasi, na programu za kuandikia kumbukumbu zimejaa. Ni kwa sababu ya njia ya kufikia pale. Kuifungua programu ya kumbukumbu lazima nipite kwenye skrini, na skrini ina vishawishi vyake: kile kidoti chekundu cha ujumbe mpya, kichupo cha kivinjari nilichokiacha wazi. Karatasi haina kidoti. Pia inaonekana muda wote, hata nikiwa nimelikuza dirisha la msimbo likajaa skrini nzima. Ukipendelea faili la maandishi ndani ya kihariri chako, sawa, mradi lifunguke kwa kitufe kimoja na lisihifadhiwe kwenye hazina ya msimbo inayotumiwa na wote.

Sasa namna ya kukatizwa. Mtu akifika mezani kwangu namsalimia, kisha namwambia, "Nipe nusu dakika nimalizie mstari huu." Naandika hatua inayofuata, naweka kalamu chini, namgeukia mzima mzima. Sijaona mtu aliyekasirika. Anayepata umakini wako wote baada ya nusu dakika anahudumiwa vizuri kuliko yule anayejibiwa na mtu ambaye jicho moja liko kwenye skrini. Fanya hivyo pia simu ikiita, na hata unapokwenda tu kunyoosha miguu. Ikishakuwa tabia, mkono unaandika wenyewe.

Kusubiri ni usumbufu usio na mlango

Tunalaumu sana watu na simu, lakini usumbufu mwingi wa waandishi wa programu unatoka ndani ya kazi yenyewe: kusubiri. Mwaka 1993 Jakob Nielsen aliandika mipaka mitatu ya muda katika matumizi ya kompyuta. Hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona jibu limekuja papo hapo. Hadi sekunde 1 mawazo yake hayakatiki, ingawa anaona kuna kuchelewa. Sekunde 10 ndio ukomo wa kumshikilia. Zikipita hizo anatafuta cha kufanya. Yeye alikuwa akiwazungumzia watumiaji wa programu. Mimi nawazungumzia wanaoziandika, kwa kuwa nasi ni watumiaji wa zana zetu.

Pima leo. Badilisha mstari mmoja wa msimbo, kisha hesabu sekunde hadi uone matokeo ya badiliko hilo. Zikiwa chini ya 10, uko salama. Zikiwa dakika mbili, basi kila badiliko linakupa mwaliko wa kufungua kivinjari, na hutaurudisha umakini kwa kujikaza. Tengeneza mzunguko huo kwanza. Jifunze kuendesha jaribio moja tu badala ya majaribio yote. Karibu kila zana ya majaribio ina njia ya kutaja jina la faili au la jaribio. Majaribio mazito yanayogusa mtandao na hifadhidata yatenge, yaendeshwe kwenye seva ya pamoja unapowasilisha mabadiliko. Kwenye kompyuta yako tumia data ndogo ya mfano, rekodi chache ulizozichagua kwa makusudi, badala ya nakala nzima ya data halisi. Kama lugha yako inahitaji kukompailiwa, yaani kugeuzwa kwanza kuwa programu inayoweza kuendeshwa, hakikisha zana inakompaili kilichobadilika tu. Siku nzima ukiitumia kushusha dakika mbili hadi sekunde nane si siku uliyoipoteza, na kiongozi wa timu anayeikataa kazi hiyo aonyeshwe saa.

Kuna kusubiri kusikofupishika. Hapo amua mapema utafanya nini, kwa sababu ukiamua wakati huo utachagua kivinjari. Mimi nafanya moja kati ya mawili: nasoma mabadiliko yangu mwenyewe tangu juu kana kwamba ni ya mtu mwingine, au narudi kwenye daftari na kuandika ninatarajia jaribio litasema nini. La pili hili ni zuri mno. Ukiandika utabiri wako kabla ya kuona matokeo, unagundua mara moja kama picha yako ya mfumo imepotoka.

Wasaidizi wa akili unde wamelirudisha tatizo la kusubiri kwa sura mpya. Unampa kazi, naye anachukua dakika tatu. Unaona upoteze muda kwa nini? Unafungua dirisha la pili na kumpa kazi nyingine, kisha la tatu. Ukija kuangalia, una matokeo matatu ya kukagua na huna picha kamili ya hata moja. Msimamo wangu ni kazi moja kwa wakati mmoja, na anapoifanya mimi naandika kwa mkono mifano ya majaribio ambayo jibu lake lazima liyapite: orodha tupu, kiasi cha sifuri, tarehe 29 Februari, ujumbe uleule ukija mara mbili. Akimaliza, nina kipimo mkononi, na nimebaki ndani ya tatizo lilelile.

Dharura zisiivuruge meza

Uko katikati ya mabadiliko makubwa, faili kumi ziko wazi, nusu yake hazikompaili. Inaletwa hitilafu ya dharura. Wengi huficha mabadiliko yao, wanahamia tawi jingine (toleo sambamba la msimbo uleule), wanarekebisha, wanarudi na kukuta kihariri kimefunga kila kitu. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, ina amri ya worktree tangu mwaka 2015, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaoitumia. Inakupa folda ya pili ya hazina ileile, ikiwa kwenye tawi jingine. Unafungua folda hiyo katika dirisha lake, unarekebisha, unatuma, unaifuta. Dirisha la kwanza halikuguswa. Kielekezi bado kiko kwenye mstari uleule.

Jambo jingine ni ukubwa wa kazi. Tawi moja libebe jambo moja. Ukiwa unaongeza sehemu mpya na ukaona jina baya la kigeu, liandike daftarini na uendelee, usilisahihishe sasa. Na hifadhi mabadiliko madogo madogo, kila moja likiwa linafanya kazi. Faida yake utaiona siku mfumo utakapoharibika na hujui tangu lini: amri ya bisect hugawa historia nusu kwa nusu, kwa hiyo mabadiliko 1,000 huhitaji kukaguliwa mara 10 hivi ili kumpata mkosaji. Lakini kama kila badiliko lina faili arobaini, na nusu ya faili hizo hazikompaili, amri hiyo haikufai kitu.

Simu, ujumbe na wenzako

Simu yangu iko chumba kingine au ndani ya begi. Arifa zote za kompyuta zimezimwa isipokuwa njia moja, ile inayolia mfumo ukizimika. Lazima iwepo njia hiyo, tena watu waijue, vinginevyo utakuwa unachungulia ujumbe kila mara kwa hofu kwamba pengine kuna jambo kubwa. Ujumbe mwingine nausoma saa nne na nusu asubuhi, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya kufunga kazi. Nimewaambia wenzangu saa hizo, na hakuna anayedhani nimemdharau.

Hapa ndipo mtu mmoja hawezi peke yake. Timu ikubaliane mambo machache. Ujumbe wa "Habari, upo?" unaofuatwa na kimya umemkatiza mtu bila kumpa cha kujibu. Salamu iandikwe pamoja na swali zima: nimejaribu hivi, kosa linasema hivi, nahitaji jibu kabla ya saa tisa. Nusu ya maswali hujijibu yenyewe mtu anapoyaandika kikamilifu. Vikao vipangwe vikifuatana, viwe vyote asubuhi au vyote alasiri. Kikao cha nusu saa kilichowekwa saa nne kinaipasua asubuhi nzima vipande viwili, na hakuna hata kimoja kinachotosha kuingia ndani ya tatizo gumu.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika timu, ningeweka zamu. Kila wiki mtu mmoja anapokea maswali yote kutoka nje, hitilafu ndogo ndogo, maombi ya idara nyingine. Wiki hiyo hapewi kazi kubwa, na hatarajiwi kumaliza sehemu mpya. Wengine wote wanaachwa wafanye kazi bila kukatizwa. Ni mpango wa haki, kwa sababu bila zamu mzigo huo humwangukia yule mpole asiyeweza kusema hapana, na mara nyingi ndiye anayeujua mfumo kuliko wote. Pia zamu huonyesha ukweli: anayepokea swali lilelile kila siku wiki nzima ataandika maelezo au atatengeneza chanzo chake.

Mahali na mwili

Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Miguu ifike chini. Dirisha liwe ubavuni, si nyuma ya skrini wala nyuma yako. Hayo yanatosha kuhusu meza; nimeona watu wanaotumia wiki nzima kuchagua kibodi.

Hewa ndiyo inayosahauliwa. Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa utafiti mwaka 2015 uliowapima watu waliofanya kazi katika vyumba vyenye viwango tofauti vya hewa ya ukaa: sehemu 550 katika milioni, 945 na 1,400. Uwezo wao wa kufanya maamuzi ulishuka kadiri kiwango kilivyopanda. Katika chumba kidogo kilichofungwa, hata chenye watu wachache, kiwango hicho hupanda haraka. Ukijikuta unasoma mstari uleule mara ya tatu saa nane mchana, fungua dirisha kabla hujanywa kahawa nyingine.

Kuhusu sauti, inayoharibu zaidi ni maneno unayoyaelewa. Mazungumzo ya meza ya jirani yanagombea nafasi ileile ya kichwa unayotumia kushikilia majina ya vigeu, na muziki wenye mashairi ni hivyohivyo. Ninapoandika kitu ninachokijua vizuri muziki usio na maneno haunisumbui. Ninaposoma msimbo wa mtu mwingine kwa mara ya kwanza nataka kimya, na hedifoni nazivaa zikiwa hazipigi kitu.

Njia ya kufanya kazi dakika 25 kwa kengele kisha kupumzika kidogo, ambayo Francesco Cirillo aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 naipenda kwa kazi zinazochosha: kusasisha maktaba, kuandika maelezo, kusafisha majaribio ya zamani. Inakuondolea uzito wa kuanza. Siitumii nikiwa nimezama ndani ya hitilafu, kwa sababu kengele ikilia wakati picha ndiyo kwanza imekamilika, imenifanyia kilekile nilichokuwa namkwepea jirani. Hapo naenda hadi nijikute nimeanza kukisia badala ya kujua, ndipo nasimama. Kukisia ndiyo dalili yangu ya uchovu, inakuja kabla ya macho kuuma. Na kafeini hubaki mwilini: nusu yake huwa bado ipo baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni unakilipia usingizini, na hitilafu unazozitengeneza ukiwa na usingizi utazitafuta kesho kutwa.

Kufunga siku

Usimalize siku kwenye mahali pasafi. Kent Beck, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu kuandika majaribio kwanza, anamshauri anayefanya kazi peke yake aache jaribio la mwisho likiwa linafeli. Nimelifanya hilo desturi, kwenye tawi langu tu, kamwe si kwenye tawi la wote. Naandika jaribio linaloeleza kitu kinachofuata, naliendesha, naona linafeli kwa sababu ninayoitarajia, naacha hivyohivyo. Daftarini naongeza mstari mmoja wenye jina la jaribio hilo. Nafunga vichupo vyote vya kivinjari. Kichupo muhimu anwani yake imo kwenye maelezo ya tawi, na kisichokuwa muhimu kiende.

Asubuhi fungua daftari kabla ya ujumbe. Soma ukurasa wa mwisho, endesha lile jaribio, liache likueleze mstari unaokosekana, uandike. Ujumbe utausoma saa nne na nusu.